Nyayo Chini ya Mji

Katika Mji ule ambao wenyewe walisahau kuupa jina, siku hazikuwa zikipita. Zilikuwa zikishuka. Jua likizama, siku nzima, na vicheko vyake na magomvi yake, ilijilaza juu ya jana kama tabaka la udongo. Jana ikakandamizwa kidogo, juzi ikakandamizwa zaidi. Kwa hiyo mtu wa Mji akitaka kujua jambo la zamani hakuuliza lilitokea lini. Aliuliza liko chini kiasi gani.

Nyamizi alikuwa mhandisi wa chini. Wenzake walisomea kuta, wengine mapaa, wengine madirisha ya kupendeza macho ya wageni. Yeye alisomea kile ambacho kikishafukiwa hakuna anayekishukuru. Ujana wake aliumaliza akiwa ameinama, na utu uzima ulimkuta hapo hapo: akichimba, akinusa, akibingirisha udongo kati ya viganja mpaka uwe uzi, halafu akiutazama uzi ule kama utakatika upesi au utakaidi. Mwalimu wake, marehemu sasa, alimwachia neno moja la kushika. "Binti yangu, usiuulize udongo una nguvu gani siku ya jua. Siku ya jua kila mtu ana nguvu. Uulize unakuwa nani ukishakunywa maji."

Na Mji ule ulikuwa na desturi yake. Jengo lolote, kabla ya kupandishwa, lilimwagiwa zege la kwanza, na yule aliyesema "ardhi hii itabeba" alivua kiatu mbele ya watu, akakanyaga. Mguu mmoja, mtupu, vidole vikielekea ndani. Alisimama hivyo kimya mpaka fundi mkuu amwambie, "Toa." Zege lilikauka na wayo wake humo. Ukuta ukija kupasuka, watu walifukua, wakautazama wayo, wakamjua mwenyewe. Na pasipo wayo hapakuwa na fundi wa Mji ambaye angeweka tofali hata moja, hata umpigie magoti.

Nyamizi alikuwa na nyayo zake chini ya kinu cha nafaka, chini ya daraja, chini ya shule ya watoto. Hakuzisahau, kwa sababu zenyewe hazikumwacha. Magunia yakishushwa kinuni, kisigino chake kilikuwa kizito. Watoto wakitoka darasani mbio, unyayo ulimtekenya, akacheka peke yake katikati ya soko na watu wakamwona punguani. Ndipo lilipomwingia lile swali ambalo halikumtoka tena: mtu ni huyu anayetembea, au ni zile nyayo zinazoendelea kubeba yeye akiwa amekwisha ondoka? Na kama mtu ni nyayo zake, je, yule asiye na wayo popote, yupo?

Maana alikuwapo mmoja wa namna hiyo. Mtukufu. Tangu kuzaliwa alitembea juu ya zulia. Lilitandazwa mbele yake na kukunjwa nyuma yake, hata hapakuwa na udongo wowote Mjini uliowahi kuonja mguu wake. Watu walisema huo ndio utukufu wenyewe. Walizoea hivyo hata wakasahau kuuliza zulia lile hubebwa na mabega ya nani.

Basi Mtukufu akaamua kuwajengea wanawake Jumba la Kuzalia. Wazo jema, tusimnyime. Wanawake walikuwa wakizalia vibarazani na njia panda, mvua ikiwanyeshea. Akatoka kwenda kuweka jiwe la msingi. Zulia likateremka mlima, likapita makaburi, likaingia bondeni, na bondeni likaisha. Hapakuwa na kipande kingine. Bwana Itifaki, aliyekuwa msimamizi wa zulia na wa maneno yote yaliyosemwa juu yake, akalitazama pindo, akamtazama bwana wake, akasema, "Hapa." Jiwe likawekwa pale zulia lilipoishia. Ngoma zikapigwa, watu wakala pilau, wakaenda zao. Baada ya hayo yote ndipo akaitwa mhandisi wa udongo aje apime kama panafaa.

Ndoa imekwisha fungwa, bibi harusi yuko ndani, ndipo wanapeleka posa! Mtu mwenye akili zake atajibu nini?

Nyamizi alikwenda. Kazi ni kazi, na tena Jumba lilikuwa la wanawake. Alikwenda na mtambo wake wa kuchoronga ardhi na fundi wake wa siku zote, Shomvi, mtu aliyejua kunyamaza mtambo ukilia na kusema mtambo ukinyamaza. Wakausimamisha karibu na jiwe, bomba likaanza kushuka.

Tabaka la kwanza halikuwa udongo. Lilikuwa nyumba. Bomba lilitoka na vipande vya matofali, chanuo, kigae cha sahani yenye ua, kandambili ya mtoto. Kisha kipande cha ubao chenye rangi ya bluu.

"Huo mlango wangu," ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa Zawena, mwanamke aliyewaletea uji wa ulezi kila asubuhi bila kuombwa, tumbo lake likiwa limefika pale ambapo mtu hukaa kwa kupanga na kuinuka kwa kusaidiwa. Alitua ndoo, akauchukua ubao, akaufuta vumbi kwa kidole kimoja.

"Ulikaa hapa?" Nyamizi akamwuliza.

"Sote tulikaa hapa, mama. Walitubomolea ili zulia lipite." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekwisha lia. "Mlango huu ulikuwa na wazimu. Masika haufunguki, kiangazi haufungiki. Mume wangu alikuwa akiupiga randa mpaka ukabaki mwembamba kama chapati. Nikamwambia, baba, labda mwenye wazimu si mlango."

Shomvi akamtazama Nyamizi. Nyamizi aliashiria bomba lishuke tena.

Chini ya nyumba ulikuja udongo mweusi, mfinyanzi, unang'aa kama sabuni ukiukata kwa kisu. Nyamizi alichukua donge, akaanza kulibingirisha. Likawa uzi. Akaendelea. Uzi ukawa mwembamba, haukukatika, akabingirisha, haukukatika, ukashuka magotini, ukaizunguka miguu ya mtambo, ukalizunguka jiwe la msingi, ukapanda mteremko kulifuata zulia lilikotoka, nao haukatiki. Shomvi akaacha kazi, akaushika ncha.

"Mhandisi, huu utatufunga sote."

"Ndiyo kazi yake," Nyamizi akasema. "Ukinywa maji unavimba, unainua kila kilicho juu yake. Ukikauka unajikunja, unakiachia. Unainua, unaachia. Hakuna ukuta unaoweza kuishi hivyo."

Wakashuka zaidi, maana huenda mwamba ungekuwa chini. Mabomba yakaungwa, yakaisha, wakaazima mengine, yakaisha. Weusi tu. Na katika sampuli ya mwisho, Nyamizi alipoipasua kwa kisu, alikuta humo binti mdogo amechuchumaa, ana matope mpaka viwikoni, ananusa udongo. Alikuwa yeye mwenyewe, wa siku zilizoshuka chini kabisa.

Binti akainua macho. "Umekuwa nani?" akamwuliza.

Mimi? Mimi nimekuwa yule anayeinama. Nimekuwa mguu wa kinu, mguu wa daraja. Wanapoingia ndani mimi ninabaki nje, chini, gizani, nimeshikilia. Sijakataa hata siku moja, mwanangu. Kila waliponiita nilipata pa kukanyaga. Nilichimba zaidi, nikasogeza kidogo, nikapata. Ndiyo yangu ni nyingi. Hapana yangu iko wapi? Unaijua? Uliiacha wapi?

 Binti alirudi kunusa udongo wake, kama mtoto asiyetaka kuingizwa katika mambo ya wakubwa.

Nyamizi aliponyanyuka aliona kivuli juu ya masanduku ya sampuli. Zawena alikuwa ameivua khanga yake ya juu akaufunika udongo usikauke kwa jua, yeye mwenyewe akabaki na moja, amesimama juani. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa ameona tu kwamba wale watu wanauthamini udongo ule, akaona vema kuusitiri. Nyamizi aliitazama khanga ile kwa muda mrefu. Na hapo, mahali fulani chini ya mbavu, hapana yake ikaanza kupanda.

Bwana Itifaki alifika na zulia lake dogo la kutembelea, akasimama juu yake kama kuku juu ya mkeka.

"Mhandisi, tunasubiri neno lako. Moja tu, na zuri."

"Hapabebi."

"Samahani?"

"Bonde hili halibebi jumba, bwana. Lipelekeni mgongoni pa mlima, kule juu. Pale mwamba uko karibu, hata jembe linaugonga."

Bwana Itifaki akacheka kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. "Mgongoni ni kaburi la Mtukufu."

"Mtukufu amekufa?"

"Toba! Mtukufu hafi."

"Sasa kaburi la nini?"

"La heshima."

Shomvi akakohoa. Nyamizi alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. "Yaani mahali pagumu pa Mji wote amewekewa mtu asiyekufa, na hawa watakaolala na uchungu wapewe tope?"

"Usipandishe sauti. Jiwe limekwisha wekwa, na mkono uliolishika haukosei. Ukilihamisha jiwe, unasema mkono ulikosea."

"Haukukosea mkono. Zulia lilikuwa fupi!"

 Bwana Itifaki akaanza kulikunja zulia lake dogo, taratibu, akirudi nyuma hatua kwa hatua ili asikanyage chini.

"Wayo wangu sitoi," Nyamizi akamwambia.

"Tunao," akajibu bila kugeuka.

Kweli walikuwa nao. Walikuwa wamefukua kinu cha nafaka, wakalikata zege lenye wayo wake, wakampelekea seremala achonge mguu wa mninga unaolingana nao mstari kwa mstari. Kinu chenyewe kilibaki kimeinama kama mtu aliyenyang'anywa fimbo. Nyamizi alipopata habari, alivua kiatu akautazama unyayo wake. Ulikuwa laini, hauna mstari hata mmoja. Alipita mtaani, watu waliomjua tangu utoto wakamwamkia kama mgeni. Jirani yake akamwuliza, "Unamtafuta nani, mama?" Ndivyo wanavyofanya wenye nguvu. Hawana haja ya kukuua. Wanachukua ile ndiyo uliyoisema zamani, kwa moyo mweupe, mahali pengine, kwa ajili ya jambo jingine, wanaichonga katika mti, na kuanzia hapo ndiyo yako inaishi bila wewe. Wewe unabaki unapiga kelele barabarani, na sauti yako haina mwenyewe.

Siku ya kumwaga zege, askari wa lango alimzuia.

"Jina?"

"Nyamizi, mhandisi."

"Mhandisi Nyamizi ameshaingia. Yuko pale mbele, juu ya mto."

Akachungulia. Mguu wa mninga ulikuwa umewekwa juu ya mto wa hariri, umepakwa mafuta, unang'aa.

"Ule ni ubao, baba. Mimi ndiye mtu."

"Mama, usinitafutie balaa," askari akasema kwa sauti ya chini, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa na mama. "Una cha kuonyesha?"

Hakuwa na kitu. Hapo akapita Zawena, amevishwa mgolole mweupe, maana alikuwa amechaguliwa kuwa wa kwanza kuzaa ndani ya Jumba, hata kabla ya kuta kusimama, na alitakiwa akae mbele aonekane. Alimshika Nyamizi mkono kama mtu anayeshika mali yake.

"Huyu mkunga wangu. Mnataka nizae peke yangu hapa langoni?"

Askari akaruka pembeni.

Walipokuwa wakitembea Zawena alimwuliza bila kumtazama, "Mama, mimi sijui mambo ya udongo. Niambie kwa neno moja. Nilale humo na mwanangu?"

"Usilale."

"Haya," akasema Zawena.

Ngoma zikapigwa. Zege likamwagwa, rojorojo, likasawazishwa. Zulia likatandazwa na Mtukufu akaja juu yake, mtu mdogo kuliko picha zake. Bwana Itifaki akauinua mguu wa mninga.

"Mhandisi Nyamizi anaweka wayo!"

Zawena akasimama. Kusimama kwake kulichukua muda, na kwa sababu ya tumbo lile hakuna aliyethubutu kumwambia akae.

"Bwana Itifaki, nina swali la kijinga. Huo mguu ukikosea, tukaja kufukua, tutamkamata nani? Seremala?"

Wanawake wakacheka. Seremala, aliyekuwapo, hakucheka.

"Mama, kaa utulie, mtoto atashtuka."

"Ameshashtuka. Anauliza pia."

Nyamizi akajongea mpaka ukingoni mwa zege. Alikuwa amejiandaa kueleza maji na mfinyanzi, kuvimba na kujikunja, lakini hasira ilikuwa imeyachoma maneno yote marefu, ikambakizia mafupi.

"Desturi yetu ni moja. Anayesema patabeba ndiye anayevua kiatu. Mimi nimesema hapabebi. Nani kasema panabeba? Nani kasema 'hapa'?"

Bwana Itifaki akafungua mdomo. "Mimi nilisema kwa niaba."

"Kwa niaba ya nani?"

Macho ya Bwana Itifaki yalikwenda kwenye zulia, na macho ya watu wote yakayafuata.  Kisha Mtukufu, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema jambo ambalo halikuandikwa, akainama akavua kiatu mwenyewe.

Mguu ulikuwa mweupe kwa kukosa jua, laini, wa kitoto. Watu walishusha pumzi. Nyamizi, pamoja na hasira yake yote, alihisi kitu kama huruma. Mguu ule haukufundishwa neno hata moja na ardhi. Haukuwahi kuchomwa na mwiba ukajua kuna miiba. Nani alimfanyia mtoto wa watu unyama ule, wa kumbeba mpaka uzeeni?

Mtukufu akaunyoosha mguu juu ya zege. Akaushusha. Karibu uguse, vidole vikajikunja.

"Patabeba?" akauliza, polepole, kama mtu anayejaribu lugha ngeni.

"Hapatabeba, baba," Nyamizi akamjibu.

Mguu ukabaki hewani. Ukarudi kwenye zulia.

"Ala!" Zawena akasema, na sauti yake haikuwa na utani tena. "Mguu mmoja umeogopa kuuweka, na sisi ulitaka utulaze humo, na damu zetu, na vichanga vyetu? Mguu wako ni nini, na mwanangu ni nini?"

Zulia likakunjwa haraka kuliko siku zote. Bwana Itifaki akaukandamiza ule mguu wa mninga katika zege kwa mikono miwili, jasho likimtoka, akautoa, alama ikabaki safi kabisa. Akageuka kwa mafundi. "Anzeni!" Mafundi wakaitazama alama. Fundi mkuu akakung'uta mwiko wake, akautia mfukoni. Wenzake wakafanya vivyo hivyo.  Walikwenda nyumbani kama watu waliomaliza kazi.

Wanawake ndio waliobaki. Na sasa, kwa vile hasira haina mahali pa kukaa mwenye makosa akishaondoka, ikamgeukia aliyekuwapo.

"Haya mhandisi," mmoja akasema, "umetuokoa na Jumba. Tutazalia wapi?"

"Barazani kama jana," mwingine akadakia. "Mvua si ipo?"

Walisema kweli.  Hapana ni nusu ya kazi. Mtu akikuambia usikanyage hapa, ana deni la kukuonyesha pa kukanyaga. Zawena alikuwa ameshika kiuno kwa mikono yote miwili, anapumua kwa kuhesabu, na jasho lilikuwa limemlowesha mgolole.

"Shomvi," Nyamizi akamwita fundi wake, aliyekuwa akingoja kando ya mtambo uliobaki bondeni. "Funga mtambo."

"Tunakwenda wapi?"

"Juu."

Shomvi alimtazama, akautazama mgongo wa mlima, akatema mate pembeni kwa furaha. Wanawake wakaushika mtambo huku na huku, wakausukuma. Walipokuwa wakipanda, siku zilionekana kupungua uzito chini ya miguu yao. Matabaka yakawa membamba, jana na juzi zikabaki ngozi tu juu ya mwamba, na Nyamizi aliyetembea peku akahisi mawe yakimchoma, kila jiwe likimwandika mstari wake upya.

Juu palikuwa na uzio wa minyororo, uwanja mtupu wa jiwe, na mlinzi mmoja mzee mwenye rungu, amekaa kwenye kiti cha kukunja, analinda kaburi ambalo halikuwa na mtu.

"Simameni hapo," akasema bila kuinuka. "Hapa pana mwenyewe."

"Yuko wapi?" Shomvi akamwuliza.

"Hajafa."

"Akifa atakuta watoto. Watampisha."

Mzee akataka kukasirika. Akamwona Zawena, aliyekuwa ameegemea mnyororo, macho amefumba, midomo imekauka. Akamtazama, akautazama uwanja wote ule mpana alioulinda tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Chini bondeni Bwana Itifaki alionekana, mdogo kama mchwa, anatafuta zulia la kupandia.

Mzee aliinuka. Alikipangusa kiti kwa mkono wa shati, mara mbili, akaubeba mnyororo juu ili Zawena apite chini yake, akakisogeza kiti mpaka magotini pake.

"Kaa, mwanangu," akamwambia. "Yule mwingine bado mzima."

Nyamizi akawasha mtambo.